Filamu ya makala kuhusu kujiua: tutasemaje bila kuvunja sitara?

Mpigapicha wa Wete aliuliza:

Assalamu alaykum. Kazi yangu ni kupiga video za harusi na maulidi hapa Pemba. Miaka sita iliyopita mtoto wa ami yangu alijiua. Siku ya maziko tuliambiana kwamba ameanguka mkarafuu, na kila aliyekuja kutoa pole aliyapokea maneno hayo, ilhali ulikuwa mwezi ambao mikarafuu yetu haina hata konyo moja, na majamvi ya kuanikia yalikuwa yamekunjwa na kuegemezwa ukutani mbele ya macho ya wote waliokaa barazani. Hakuna aliyeuliza. Mama yake mpaka leo, akitajiwa mwanawe, huvuta ungo akaanza kuchambua mchele, hata kama hakuna kinachopikwa.

Nimekusudia kutengeneza filamu ya nusu saa na kuionyesha vijijini, kwa sababu naona kimya chetu kinamfanya mwenye dhiki kama ile adhani yuko peke yake duniani. Mzee mmoja wa familia ameniambia kwamba la kusitiriwa husitiriwa. Naomba wenye ujuzi wanieleze nifanye nini na nijihadhari na nini.

Muuguzi wa Unguja alijibu:

Wa alaykumu ssalaam, mdogo wangu. Nimeuguza wagonjwa wa akili kwa muda mrefu, na jambo la kwanza nitakalokuomba ni kwamba usionyeshe wala usieleze namna marehemu alivyokufa. Usitaje kilichotumika, usipige picha ya mahali penyewe, na kama aliacha barua usiisome. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 mahsusi kwa watu wa filamu na jukwaa, na halikufanya hivyo kwa ajili ya adabu tu. Mjini Vienna, katika miaka ya 1980, magazeti yalikuwa yakisimulia kwa kirefu habari za watu waliojiua kwenye treni za chini ya ardhi. Mwaka 1987 waandishi walipewa mwongozo, wakaacha kusimulia hivyo, na matukio yale yakapungua sana.

Upande wa pili ndio unaokuhusu zaidi. Mwaka 2010 watafiti wa hukohuko Austria waliandika kwamba habari za mtu aliyefika ukingoni kisha akapata njia ya kuvuka zilikwenda pamoja na kupungua kwa vifo. Kwa hiyo usimweke marehemu katikati ya filamu yako, bali mtafute aliye hai, aeleze usiku ule ulipitaje, nani alimgongea mlango na aliambiwa nini. Wala usiogope kwamba kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua kutamtia wazo hilo. Tunaowauliza kila siku tunawaona wakishusha pumzi.

Jihadhari pia na sababu moja ya haraka, kama kuachwa na mchumba au kufeli mtihani, kwa sababu mambo haya hayana mzizi mmoja. Na anayedai barazani kwamba haya ni maradhi ya Wazungu aelezwe kwamba kila mwaka hufa hivi zaidi ya watu 700,000 duniani, na wengi wao ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati.

Mwalimu wa chuo cha Kurani, Chake Chake:

Mwanangu, mzee wako hakukosea, lakini hakumaliza. Kusitiri ni kuifunika aibu ya mtu, si kumwacha aliye hai azame huku tunatazama pembeni. Kujiua ni haramu, hilo halina mjadala, na dalili yake ni aya ya 29 ya Surat An-Nisaa. Hata hivyo watu huisoma nusu wakaacha mwisho wake, unaotaja kwamba Mwenyezi Mungu ni Mwenye kuwarehemu.

Iko hadithi aliyoipokea Imamu Muslim kutoka kwa Jabir, kuhusu mtu aliyehama pamoja na Tufayl bin Amr kwenda Madina, akaugua, akashindwa kustahamili maumivu, akajisababishia kifo. Tufayl alimwota akiwa katika hali njema isipokuwa mikono yake aliyoifunika, na Mtume (s.a.w.) aliposimuliwa ndoto hiyo alimwomba Mola aisamehe na mikono yake pia. Katika madhehebu yetu ya Shafi mtu huyu huoshwa, hukafiniwa, husaliwa na huzikwa pamoja na Waislamu wenziwe. Nayasema haya kwa sababu nimewahi kuona jeneza la namna hiyo likikimbizwa alfajiri kama gunia la karafuu za magendo, na wazazi wake wakibaki na jeraha la pili.

Mbeba projekta:

Tamasha la filamu la Zanzibar lilianza mwaka 1998, na filamu zake zimekuwa zikipelekwa hata vijijini, kwa hiyo kuweka kitambaa cheupe chini ya mwembe si jambo geni kwetu. Ugumu wako ni mwingine. Utashawishika kuficha nyuso na kuonyesha mikono tu, lakini kisiwani mtu hujulikana kwa kikohozi chake, na ungo ule utatambuliwa kabla mama hajasema neno. Basi usimwahidi kwamba hatajulikana. Mwoneshe filamu nzima peke yake, awe na uwezo wa kuizuia hata siku ya mwisho.

Kuna na la sheria: Tanzania Bara, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha katiba. Zanzibar ina sheria yake ya jinai, kwa hiyo muone wakili kabla hujamweka mtu mbele ya kamera akiri jambo hilo. Filamu ikimalizika usizime jenereta mara moja, maana watu hukaa kimya kwanza, na wanawake wakitengewa upande wao na mwanamke mwenzao ndio huanza kusema. Na usiirushe kwenye simu za watu kabla ya hapo.

Mpigapicha wa Wete:

Nawashukuru nyote. Jana nilikwenda kwa mke wa ami nikamsomea majibu haya yote, na la mwalimu aliniomba nilirudie. Hakukubali wala hakukataa. Aliniuliza, siku ya kuonyesha atakaa na nani. Dada muuguzi, kama unamfahamu mwenzako upande huu wa Wete anayeweza kukaa naye jamvi moja usiku huo, naomba uniunganishe naye kabla sijawasha kamera.