Je, Kanisa limechukua nafasi ya Israeli? Waebrania 8:13 ifundishweje?

mwalimu_wa_jioni
Wakuu, naandaa masomo matatu ya Biblia kwa watu wazima, saa moja kila somo, mada ni Kanisa na Wayahudi. Mwongozo tunaoutumia unasema Mungu alikwisha kumalizana na Israeli, Kanisa limeshika nafasi yake, na ushahidi uliotolewa ni Waebrania 8:13 tu, panaposema agano la kwanza limekuwa kuukuu na li karibu na kutoweka. Lakini Warumi 11:1 Paulo anauliza kama Mungu amewasukumia mbali watu wake, na anajijibu mwenyewe: Hasha! Naomba msaada: fundisho hili lilianzia wapi, Waebrania 8:13 isomweje, na nianze na kipi ili darasa lisiishie kwenye mabishano ya siasa za Mashariki ya Kati?

Shina_la_Mzeituni
Nianze na la kwanza. Mkristo ambaye kwa kawaida hutajwa kuwa wa kwanza kuliita Kanisa "Israeli wa kweli" bila kupindapinda ni Yustino Mfiadini, katika Mazungumzo na Trifo, kitabu cha mjadala wake na Myahudi, kwenye miaka ya 155 hadi 160 hivi. Tazama kilichotangulia: Hekalu limebomolewa mwaka 70, uasi wa Wayahudi dhidi ya Roma chini ya Bar Kokhba umezimwa mwaka 135, na Wayahudi wamepigwa marufuku kukanyaga Yerusalemu. Yustino anafika mahali pa kusema tohara ilitolewa ili watambulike na kuzuiwa wasiingie mji huo. Amri ya Kaisari imegeuzwa hukumu ya Mungu. Hapo ndipo penye kasoro, na darasa lako litaiona lenyewe ukiweka tarehe hizo tatu ubaoni kabla ya kusoma chochote.

Kitu kimoja usikiruke: Marsioni. Mwaka 144 Kanisa la Roma lilimtenga, yeye aliyetaka Agano la Kale litupwe lote. Kanisa likakataa. Sasa likabaki na vitabu vya Israeli mkononi na swali gumu: mbona wenye vitabu hawavisomi kama sisi? Sehemu kubwa ya maneno makali ya mababa wa Kanisa inatoka kwenye swali hilo.

Yohane Krisostomo, mhubiri wa Antiokia, naye husomwa vibaya. Zile hotuba nane za Antiokia, 386 na 387, aliwalenga Wakristo waliokuwa wakienda sinagogi kwa sikukuu na kufunga pamoja na Wayahudi. Kwa hiyo ni ushahidi kwamba watu wa kawaida walikuwa hawajatengana kabisa, miaka mia tatu baada ya mitume! Lugha yake ni ya matusi, sitaitetea, na ilinakiliwa karne nyingi baadaye na watu wasiojali aliyekuwa akiambiwa ni nani.

Augustino alichukua njia nyingine, kwa Zaburi 59:11, "Usiwaue". Kwake Wayahudi ni walinzi wa Maandiko, wanaothibitisha kwa wapagani kwamba Wakristo hawakujitungia unabii. Waishi, lakini wawe chini. Kinga hiyo ilikuwa na ufa tangu mwanzo: mwaka 1096 makundi ya Vita vya Msalaba yaliwachinja Wayahudi wa Worms na Mainz, Ujerumani, hata pale ambapo askofu alijaribu kuwaficha. Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterani ukaagiza Wayahudi watofautishwe kwa mavazi. Fukuzafukuza za Uingereza 1290 na Hispania 1492 unaweza kuzitaja kwa sentensi moja.

kigiriki_kidogo
Nitagusa Waebrania tu.

Fungua 8:8–12. Ni nukuu ya Yeremia 31:31–34, ndiyo ndefu kuliko nukuu zote za Agano la Kale ndani ya Agano Jipya. Agano jipya linafanywa na nani? "Nyumba ya Israeli na nyumba ya Yuda." Halikutamkwa taifa lingine. Kisha endelea na Yeremia pale Waebrania walipoishia, mstari wa 35 hadi 37: Bwana anasema kama taratibu za jua, mwezi na nyota zikiondoka, ndipo uzao wa Israeli nao utakoma kuwa taifa. Anayetumia 8:13 kusema Israeli imekwisha ananukuu unabii unaosema kinyume chake, mistari mitatu mbele.

Mstari wa 13 wenyewe: kwa Kigiriki neno agano halimo, liko "jipya" na "la kwanza" tu. Msomaji analijaza kutoka mstari wa 8, na ni sawa kulijaza. Ila angalia sura ya 7 hadi 10 inazungumzia nini: ukuhani, hema, sadaka. Kinachochakaa ni utaratibu wa madhabahu. Mwandishi hasemi watu wamechakaa.

Kosa jingine la darasani ni "Wayahudi" katika Yohana, neno linalotokea mara sabini hivi. Mtu akisoma haraka anadhani ni kabila zima. Chukua Yohana 9:22: wazazi wa kipofu "waliwaogopa Wayahudi". Na wao ni nani? Wayahudi! Basi hapo neno linamaanisha wakuu wenye uwezo wa kumtenga mtu na sinagogi. Kwenye 7:1 limekaa karibu na jina la jimbo, Uyahudi, likipingana na Galilaya. Kwenye 4:22, "wokovu watoka kwa Wayahudi", ni taifa zima, tena kwa sifa. Wape karatasi yenye mistari hiyo mitatu, dakika kumi, kila kundi liandike ni nani hasa wanaotajwa. Linafundisha kuliko mhadhara.

mpanda_mbegu
Ndugu, naona mnaelekea upande mmoja. 1 Petro 2:9 inachukua majina ya Israeli ya Kutoka 19, ukuhani wa kifalme, taifa takatifu, na kuwavika waamini. Mathayo 21:43 inasema ufalme utaondolewa na kupewa taifa lingine. Wagalatia 6:16 inataja "Israeli wa Mungu". Hayo nayo ni Maandiko.

Shina_la_Mzeituni
Sawa kabisa, na yafundishwe. Mathayo 21 lakini usiishie 43. Mstari wa 45 wakuu wa makuhani na Mafarisayo wanatambua kwamba anawasema wao. Wagalatia 6:16 inategemea neno dogo la Kigiriki *kai*: ukilisoma "naam", Israeli wa Mungu ni Kanisa, ukilisoma "na", ni kundi la pili. Sarufi inaruhusu yote mawili, kwa hiyo mstari huo haubebi fundisho peke yake. Kuhusu Petro: mtu kupewa jina la ukoo hakumfuti mwenye ukoo. Warumi 11:17–18 ndiyo picha yake. Tawi la mzeituni mwitu limepandikizwa *kati yao*, na linaonywa: si wewe ulichukuaye shina, bali ni shina likuchukualo wewe. Mti haukung'olewa ukapandwa mwingine.

Pia usikimbilie mwisho wa pili. Mfumo wa John Nelson Darby wa karne ya 19, uliosambazwa na Biblia ya Scofield ya 1909, unatenga Israeli na Kanisa kama mipango miwili. Ukianza nao, siasa zitaingia dakika ya tano.

katekista_mstaafu
Kwa upande wa Wakatoliki, tamko ni *Nostra Aetate* la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, namba 4, la 28 Oktoba 1965. Linasema mateso ya Kristo hayawezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule bila kubagua, wala juu ya wa leo, na wasionyeshwe kama waliokataliwa au kulaaniwa na Mungu. Linasimama juu ya Warumi 11:28–29, kwamba karama za Mungu na mwito wake hazina majuto. Lakini Katekisimu ya Mtaguso wa Trento, 1566, ilishasema hatia ya wakosefu Wakristo ni kubwa kuliko ya Wayahudi. Fundisho lilikuwapo kitabuni. Mimbarani likasikika jingine.

Kwa Walutheri, soma maandishi mawili ya Luther pamoja. La 1523 linakumbusha kwamba Yesu alizaliwa Myahudi na kuwataka watu wawatendee Wayahudi kwa upole. La 1543 linashauri masinagogi yachomwe na marabi wakatazwe kufundisha. Alitarajia waongoke, hawakuongoka. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani liliyakana maneno hayo rasmi mwaka 1994.

Mpangilio: somo la kwanza Yeremia 31 na Waebrania 8, la pili historia, la tatu Warumi 9 hadi 11 kwa mfululizo bila kurukaruka. Historia usiiweke mwanzo, watu watajitetea badala ya kusoma.

mwalimu_wa_jioni
Asanteni sana. Na ile sala ya Ijumaa Kuu iliyowaita Wayahudi wasioamini kwa neno baya, ilifutwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano?

katekista_mstaafu
Hapana, kabla yake. Neno hilo la Kilatini, *perfidis* (wasio na imani, au wasaliti), liliondolewa na Papa Yohane wa XXIII mwaka 1959. Sala yenyewe iliandikwa upya katika Misale ya 1970: inawaombea kama watu ambao Mungu alisema nao kwanza.