Waliosoma maabara ya afya na biolojia ya molekuli Dar, njooni tupeane uzoefu

mtu_wa_slaidi
Wakuu, habari zenu. Kila mwaka dirisha la udahili likifunguliwa, vijana wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) wanaweka udaktari namba moja, chini yake wanajaza chochote. Ndiyo maana unamkuta mtu yupo mwaka wa kwanza wa maabara na bado analia kukosa udaktari. Inaniuma, maana kozi hii ina hadhi yake. Mliosoma maabara ya afya, maikrobiolojia, biolojia ya molekuli na ndugu zake, semeni mlichokutana nacho ili wadogo zetu wachague wakijua.

Naanza mimi. Nilisoma Muhimbili, pale Upanga. Mwaka wa kwanza kuna anatomia, fiziolojia na biokemia, na darasani kwetu biokemia ndiyo iliyogawa sapu (mitihani ya marudio) kwa wingi. Utamu unaanza ukishika benchi, yaani kazi yenyewe ya maabara. Chukua malaria, ambayo watu wanadhani ni kuchungulia tu. Kwenye slaidi moja unaweka tone nene la damu na utando mwembamba wa damu hiyo hiyo. Utando unauzamisha kwenye methanoli ili chembe nyekundu zibaki na umbo lake. Tone nene methanoli isiliguse kabisa, maana hapo unataka chembe zipasuke ndani ya rangi ya Giemsa, vimelea vibaki vinaonekana. Tone linakuonyesha kama vimelea vipo, utando unakuonyesha ni aina gani. Mwalimu wetu alikuwa anainua slaidi kwenye mwanga kabla hata ya kuiweka kwenye hadubini. Kama mkia wa utando haukuisha vizuri kama ulimi, unarudia. Siku zile tulinung'unika sana. Leo nawafanyia hivyo hivyo wanafunzi wa fildi (mafunzo kwa vitendo), kwa sababu slaidi mbaya inamnyima mtoto dawa.

pipeti_ndogo
Mimi nilisoma biolojia ya molekuli, Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam). Sisi mgonjwa hatumwoni, tunaona vitubu. Unapima maikrolita 2 za kimiminika kisicho na rangi, unaweka kwenye mashine ya PCR, ya kunakili DNA: joto linapanda hadi nyuzi 95 pande mbili za DNA ziachane, linashuka hadi 55 hivi, kisha 72 kimeng'enya kijenge nakala mpya, na mzunguko unajirudia mara 30 na kitu. Mkono ukitetemeka mwanzoni, jibu la jioni limeharibika.

Kilichonishika ni somo la sikoseli. Herufi moja tu ya DNA, A ikawa T kwenye jeni ya beta globini (sehemu ya himoglobini ya damu), basi asidi amino iitwayo valini inakaa mahali pa nyingine, asidi ya glutamiki. Nina mdogo wangu anayeugua hiyo kitu. Nilitoka kwenye kipindi kile nikampigia simu mama.

Sasa wazazi someni hapa. Nilipomaliza niliomba kazi hospitali fulani, swali la kwanza likawa namba ya usajili wa Baraza la Wataalamu wa Maabara. Digrii yangu ya sayansi haikunipa hiyo. Nipo kwenye utafiti, kazi naipenda kweli, lakini ni mikataba ya mradi: mradi ukiisha, unaanza kutafuta upya. Anayetaka benchi la hospitali asome maabara ya afya yenyewe.

Kijana wa Mabibo
Bumu (hela ya mkopo wa wanafunzi) likichelewa, praktiko haikusubiri. Ukipata hela ya kwanza, nunua koti jeupe na kalamu ya slaidi kabla ya simu.

Msafiri wa Tegeta
Naongezea kwa @pipeti_ndogo. Binamu yangu kasoma Uingereza, mambo ni hayo hayo. Kule jina la mwanasayansi wa biomedikali linalindwa na sheria, huruhusiwi kujiita hivyo mpaka usajiliwe na HCPC, baraza lao la wataalamu wa afya. Kuna digrii zilizoidhinishwa na IBMS, taasisi yao ya sayansi ya biomedikali, na ambazo hazijaidhinishwa, na kwenye tangazo la chuo zote zinavutia sawa.

Mama Rehema
Asanteni sana wanangu. Binti yangu ana PCB, anataka hii kozi lakini akiona damu anaishiwa nguvu. Nimkataze?

mtu_wa_slaidi
Usimkataze, mama. Darasani kwetu alikuwepo aliyezimia siku ya kwanza ya kutoa damu, na sasa watoto wachanga wanapelekwa kwake kwa sababu mshipa haumkwepi. Akae tu kwenye kiti wakati wa kutolewa damu, ale kabla ya kipindi, na awaambie walimu mapema.

Cha muhimu zaidi apate chanjo ya homa ya ini B. Ni dozi 3: ya pili mwezi 1 baada ya ya kwanza, ya tatu mwezi wa 6. Kwa hiyo aanze sasa hivi akiwa nyumbani anasubiri chuo, asingoje mpaka apangiwe fildi. Na kadi aitunze.