Wisteria yangu imejaa majani tu: kosa liko wapi?

Mama Ua, Kizingo
Assalaam alaikum, wanabustani wenzangu. Miaka 4 iliyopita nilipanda mbegu niliyopewa zawadi, ya wisteria, mmea utambaao wenye vishada vya maua ya zambarau, na huo ulioota umekwisha kukifunika kichanja cha boriti kilicho uwani kwangu, lakini sijaona hata shada moja la maua, ingawa huutia samadi kila masika. Vipande vya matawi nilivyokata ili nimpe dada yangu wa Likoni navyo vimeoza vyote mikebeni. Naomba kuelezwa kosa langu, na iwapo kuna njia bora ya kuuzalisha.

Mwenye Kitalu, Bamburi
Waalaikum salaam, dada. Kosa si lako. Wisteria zinazopandwa sana majumbani asili yake ni China na Japani, ambako hupukutisha majani na kulala miezi ya baridi, na vitumba vya maua vilivyotungwa wakati wa joto huhitaji ubaridi huo kabla ya kufunguka. Hapa kwetu Mombasa, hata usiku wa Julai kusi likivuma, joto hubaki karibu na nyuzi 20. Mmea haupati usingizi, basi hurefuka tu. Isitoshe, ule ulioota kwa mbegu huweza kuchukua miaka 10 hadi 15 kuchanua hata huko kwao. Samadi nayo ipunguze, kwani wisteria ni wa jamii ya kunde, hujipatia naitrojeni kwa msaada wa bakteria wa mizizini, na ya ziada huishia kwenye majani.

Ama kuzalisha, usikate, laza. Chagua tawi changa linalofika chini, kwaruza gamba lake chini ya kifundo, lifukie kina cha sentimita 10 hivi, ligandamize kwa jiwe na uache ncha nje. Anza masika yanapoingia, ili mvua ikupunguzie kazi ya kumwagilia, wala usilitenganishe na mama yake mpaka lishike mizizi, jambo ambalo huenda likachukua mwaka mzima. Lakini utampa dada yako majani?

Bibi wa Tudor
Mwanangu, mimi ningeung'oa. Maganda na mbegu zake zina sumu, nawe huenda una wajukuu wanaookota kila kitu. Panda petrea, ambayo asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na joto letu haliogopi. Vishada vyake vya zambarau vyafanana sana na vya wisteria. Ua la ndani, lililokoza rangi, huanguka baada ya siku chache, ila nyota hafifu ya nje hubaki kwa majuma. Majani yake hukwaruza kama msasa, kwa hiyo usiipande karibu na kamba ya nguo! Kama udongo wenu ni wa matumbawe kama wangu, chimba shimo pana ulijaze mboji. Nayo huzalishwa kwa kulaza tawi vivyo hivyo, kwa subira.

Mama Ua, Kizingo
Ahsanteni sana. Wisteria nitauondoa kabla ya vuli. Bibi, petrea yako ina tawi linalofika chini? Nije nilifukie mwenyewe, na jiwe nitakuja nalo.