Naomba ushauri: Udzungwa na watoto wa miaka 6 na 2

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Likizo ya Juni tunatoka Dar kwenda Mang'ula, kwenye geti la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, tulale kwenye hema siku mbili na tupande maporomoko ya Sanje, yale ya mita 170. Mkubwa ana miaka 6, mdogo miaka 2 na miezi 4.

Tumejaribu mazoezi msitu wa Pugu. Mkubwa alitembea saa mbili vizuri, ila kwenye mteremko wenye majani mabichi ndala zilimponyoka akaanguka, nimeshamnunulia raba. Mdogo nilimbeba mgongoni kwa kanga. Kwenye tambarare hakuna shida, lakini nikiinama kushika mti fundo linalegea na mtoto anateleza upande mmoja. Kwa kweli niliogopa sana. Chandarua na dawa ya kupaka ya mbu tunazo.

Naomba kujua kwa mliofika: njia ya Sanje mtoto wa miaka 6 anaiweza, au tuishie maporomoko ya Prince Bernhard yaliyo karibu na geti? Na mdogo nimbebe kwa nini kilicho salama kwenye kupanda, mbeleko ya kushona au begi la kubebea mtoto?

Natanguliza shukrani.