Deraya ya mabamba haikai mwilini: kifua kinagonga, chapeo inayumba. Tuanzie wapi?

Kijana_wa_Uyole:
Wakuu, habari za baridi. Kikundi cha maigizo hapa Mbeya kina deraya (vazi la chuma la vita) moja ya mabamba, ya kuiga mtindo wa Ulaya wa karne ya 15. Ni chuma cha kawaida, geji 18 (kama milimita 1.2), ya dukani, saizi ile ya "inamkaa kila mtu", maana yake haimkai yeyote. Mvaaji ana urefu wa mita 1.68, kifua sentimita 94, kichwa 57.

Akiketi, bamba la kifua linasukumwa na mapaja mpaka linamkaba koo. Mikono miwili haikutani kwenye mpini wa upanga. Mabega yanauma baada ya dakika kumi. Mabamba ya miundi yanamkata mgongo wa mguu akipanda ngazi. Chapeo nayo, kichwa kikigeuka kushoto yenyewe inabaki inatazama mbele. Tumpe kazi fundi bati au fundi cherehani? Tuna wiki sita.

Mshonaji_Makambako:
Cherehani kwanza, mkuu. Usiguse bamba hata moja kabla koti la ndani halijakamilika, maana vipimo vyote vya chuma vinachukuliwa juu ya koti hilo. Koti lenye unene wa nusu sentimita tu linaongeza mzunguko wa kifua kwa sentimita tatu. Ukikata bamba kwa kipimo cha fulana, umeliharibu.

Lisiwe nene kama godoro. Matabaka mawili ya turubai la pamba au kaki nzito, katikati blanketi moja la mtumba (soko la Mwanjelwa hukosi), mistari ya mshono wa kushindilia kila sentimita 3. Kiunoni libane hasa. Tundu la mkono liwe dogo na lipande juu karibu na kwapa. Wengi hulipanua wakidhani mkono utapata nafasi, kumbe ni kinyume: tundu likiwa kubwa, mkono ukipanda unavuta koti zima, na koti linavuta chuma.

Matundu ya kamba za kufungia mabamba kwenye koti yatobolewe kwa msharasi, nyuzi zisukumwe pembeni zisikatwe, kisha yazungushiwe uzi kwa mkono. Vijicho vya chuma vya kugonga vinang'oka uzito ukianza kuning'inia. Kamba zenyewe ziwe uzi wa fundi viatu uliosokotwa na kupakwa nta. Maelekezo ya Kiingereza ya karne ya 15 ya kumvika mpiganaji yanataka hivyo hivyo, kamba za nta zisivutike wala kukatika, tena yanataka kipande cha blanketi jepesi magotini ili chuma kisichubue. Mabamba ya mapaja yafungwe kwenye koti usawa wa kiuno. Ukiyafunga kwenye mkanda wa suruali, yatashuka na suruali.

Kwa bamba la kifua, jaribu kufupisha mikanda ya mabega lipande.

Nyundo_Iringa:
Kamwene. Koti kwanza, naunga mkono. Mikanda ya mabega, hapana dada yangu. Tayari linamkaba koo, ukilipandisha utamnyonga. Lile bamba ni refu, dawa yake ni kukata.

Mvaaji akiwa na koti, aegemee upande. Panapokunjika ndipo kiuno, kwa wengi usawa wa kitovu au juu yake kidogo, si pale tunapofungia suruali. Ukingo wa chini wa bamba ukome hapo. Ng'oa kwanza mabamba ya sketi, yale yanayoning'inia chini yake: saga vichwa vya ribiti (pini za chuma zinazounganisha mabamba) kwa grenda, zisukume kwa msumari butu. Aketi kwenye stuli, chora kwa chaki, kisha kata sentimita 1 chini ya alama, maana hiyo moja utaikunja kwa nje. Bila mkunjo ukingo ni kisu, na bamba linalegea kama debe.

Kukunja kwa nje ni kuvuta chuma, na chuma kinachovutwa kinapasuka penye kovu. Kwa hiyo sugua ukingo kwa tupa kwanza, kwa msasa baadaye, mpaka kidole kikipita hakikwami. Halafu nyundo, mizunguko mitatu: kunja nyuzi (digrii) 30 ukingo wote, rudi nyingine 30, kisha malizia. Ukikomaa na sehemu moja mpaka iishe ndipo uhamie nyingine, utapata mawimbi na nyufa.

Mikono kutokutana ni bamba la kifua kuwa pana mno mbele ya kwapa. Mwambie ashike mpini, tia alama pale ukingo unapogusa msuli, ondoa milimita 5, ajaribu tena. Chuma kilichokatwa hakirudi.

Mabega yanauma kwa sababu yanabeba kila kitu. Deraya kamili ya vita ilikuwa na kilo 20 hadi 25 hivi, na ilibebeka kwa sababu uzito uligawanywa. Bamba la kifua na la mgongo yaingie kwenye kiuno na kukazwa kwa mkanda, yaketi juu ya nyonga. Kama ni mapana, yakunje baridi juu ya gogo la mkaratusi, kwa uzito wa mwili, kidogo kidogo. Chuma hiki hakihitaji moto. Lakini likitokea bamba linalorudi lenyewe kila ukilikunja, hilo huenda limetiwa ugumu, usilipashe. Lenye zinki ndiyo kabisa: moshi wake unaleta homa.

Kijana_wa_Uyole:
Ndaga fijo. Tumepima juu ya koti la majaribio: bamba linapita kiuno kwa sentimita 6. Chapeo ndani ina mzunguko wa 66, imebandikwa sponji tupu. Na ribiti tutapata wapi?

Chapeo_Tukuyu:
Sponji litoe lote. Linabonyea, linanyonya jasho, na huku kwetu kwenye mvua utakuta kutu chini yake.

Hesabu: 66 toa 57 ni 9, gawa kwa 6.28 (pai mara mbili), unapata nafasi ya sentimita 1.4 kuzunguka kichwa. Kwa jukwaani inatosha. Kwa kupigana kweli haitoshi, nafasi hiyo ni ndogo na geji 18 ni nyepesi mno kwa chapeo, kwa hiyo upanga usimguse kichwani.

Shona bitana ya turubai yenye ndimi nne za pembetatu, kila moja imeshindiliwa pamba kwa mistari ya wima. Chini izungukwe na ukanda wa ngozi unaopigiwa ribiti kwenye chapeo. Ncha za ndimi zifungwe kwa kamba moja juu: ukikaza, chapeo inapanda, ukilegeza, inashuka. Ndivyo utakavyoleta tundu la macho usawa wa macho. Kinachoizuia kuzunguka ni mkanda wa kidevu wenye umbo la V kila upande, sehemu moja mbele ya sikio na nyingine nyuma. Mkanda wa sehemu moja kila upande unaiacha ikibembea. Ngozi iwe halisi, ya bandia inachanika kwenye tundu la ribiti.

Miundi: mabamba ya dukani mara nyingi ni bomba tu, mguu si bomba. Kigimbi cha ndani kinashuka chini kuliko cha nje. Pima mzunguko chini ya goti, penye kigimbi, na juu ya kifundo, kisha kunja juu ya bomba la inchi 4 mpaka likae bila kuzunguka. Likishakaa ndipo ukate upinde juu ya mgongo wa mguu. Ukitangulia kukata, utakata mahali sipo.

Nyundo_Iringa:
Ribiti: misumari ya kawaida yenye unene wa milimita 4, mafundi wa SIDO (shirika la viwanda vidogo) pale Mwanjelwa watakukatia. Ya zege usiguse, ni migumu, inavunjika badala ya kufuliwa. Acha milimita 5 zitokeze juu ya washa (kipete bapa cha chuma kinachovishwa kwenye ribiti), ugonge pembeni ukizunguka mpaka kichwa kiwe uyoga.

Penye kiungo kinachocheza, magoti na viwiko, weka kipande cha boksi la katoni kati ya bamba na bamba kabla ya kugonga. Ukimaliza lichomoe. Nafasi linayoacha ndiyo inayofanya goti likunjike. Bila hiyo ribiti inabana na mvaaji anatembea kama mlingoti.