Kinga ipi ya magoti inamfaa fundi wa marumaru?

Fundi wa Njiro

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi. Mimi ni fundi wa marumaru hapa Arusha, na sehemu kubwa ya siku huwa nimepiga magoti, mara juu ya zege lenye chembe za kokoto, mara juu ya marumaru zilizokwisha kubandikwa ninapojaza grauti, ule mchanganyiko wa kuziba nafasi kati ya marumaru. Siku hizi goti la kulia linauma upande wa mbele kila ninaponyanyuka, ingawa halijavimba na ninatembea vizuri. Duka la dawa nimeonyeshwa soksi ya goti ya kubana, nyingine yenye tundu mbele, na nyingine yenye vyuma pembeni. Duka la vifaa vya ujenzi wana pedi za plastiki ngumu na za sponji. Bei zinapishana sana. Je, ipi inafaa kwa kazi ya namna hii?

Mtaalamu wa viungo, Moshi

Ndugu fundi, vitu ulivyoonyeshwa havifanyi kazi moja, ingawa vyote huuzwa kwa jina la kinga ya goti. Soksi ya kubana hulipatia goti joto na kumfanya mtu ahisi limeshikwa vizuri, lakini unene wake ni milimita chache tu, kwa hiyo haizuii uzito wa mwili kuikandamiza pia ya goti kwenye zege. Ile yenye tundu huiacha pia wazi mahali palepale panapogusa sakafu. Yenye vyuma ni ya mtu aliyeumia kano, ambaye goti lake linacheza kushoto na kulia, wewe haikuhusu.

Mbele ya pia ya goti, chini ya ngozi, kuna kifuko chembamba chenye majimaji kidogo, ambacho huiwezesha ngozi kuteleza juu ya mfupa. Kikikandamizwa na kusuguliwa kila siku huanza kuuma na hatimaye huvimba. Unachohitaji, basi, ni pedi inayopunguza mzigo juu ya pia na kuusambaza hadi sehemu ya juu ya muundi, ndiyo maana pedi ndefu ni bora kuliko ile ya duara inayofunika goti peke yake. Bonyeza sponji yake kwa kidole gumba: kidole kikigusa upande wa pili bila shida, iache dukani.

Mikanda nayo wengi hawaiangalii. Upande wa nje, chini kidogo ya goti, hupita mshipa wa fahamu ulio karibu sana na ngozi, na mkanda mwembamba ukikaza hapo sehemu ya juu ya wayo huweza kufa ganzi. Tafuta mikanda mipana inayovutika, mmoja ukae juu ya goti na mwingine kwenye shavu la mguu, kisha piga magoti palepale dukani kabla ya kulipa, kwa sababu kinachokaa vizuri ukiwa umesimama huweza kubana ukikunja mguu.

Goti likivimba, likawa jekundu na la moto, au ukapata homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Huenda vijidudu vimeingia katika kifuko hicho, hasa kama ulikuwa na mchubuko.

Mzee wa Sakina

Daktari ameeleza vizuri. Mimi naongeza la sakafu. Plastiki ngumu ni nzuri juu ya zege na kokoto, lakini juu ya marumaru zinazong'aa huteleza, na chembe ya mchanga ikinasa chini yake utamwachia mwenye nyumba mikwaruzo. Wakati wa grauti vaa zenye uso wa mpira laini, na uzipanguse kila unapohama chumba. Katika mitumba hutokea suruali za kazi zenye mifuko ya pedi magotini, ambazo hazihitaji mkanda wowote. Tatizo ni urefu: kwa sisi wafupi mfuko hushuka kwenye muundi, na suruali ikikunjwa chini bado mfuko haupandi.

Fundi wa Njiro

Nashukuru sana, wakuu. Je, nikipata suruali hiyo, naweza kuweka kipande cha sponji ya godoro? Na tajiri anayetuajiri hapa, hana wajibu wowote?

Mzee wa Sakina

Sponji ya godoro hulala upesi, mwanangu. Tafuta ile ngumu kama ya soli ya ndala, unene wa sentimita 2 hivi. Kuhusu tajiri, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awapatie wafanyakazi wake vifaa vya kinga, hivyo mwombe kabla hujatoa fedha yako. Ukichukua kazi kwa mkataba wako mwenyewe, bei ya pedi iingize katika makadirio unayompa mteja, pamoja na misumeno na gundi.