Nimepewa talaka moja, nyumba ina majina yetu wawili, naambiwa nitoke

bint_wete
Asalaam aleikum jamaa zangu, naomba mawazo yenu maana usingizi umenikimbia. Mie kwetu Wete lkn naishi Unguja, Fuoni, tangu nilipoolewa, miaka 13 sasa na watoto watatu. Wiki mbili nyuma mume wangu kanipa talaka moja, kaandika, sababu tuziwache. Jambo linaloniuma ni nyumba. Kiwanja tulinunua 2014, waraka wa mauziano una majina mawili, langu na lake, na sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, katia saini. Pesa ya kiwanja yeye alitoa nyingi kuliko mie, siwezi kusema uongo, lkn msingi na matofali ya vyumba vya mbele ni upatu wangu, nilikuwa nauza maandazi na mikate ya kumimina mpaka nikapokea zamu yangu mara mbili, mabati tukachanga. Jana mashemeji wamekuja watatu wananambia nikusanye nguo, nauli ya boti nitapewa, nirudi kwetu Pemba, nyumba ni ya mwanamme. Na wana karatasi wanataka nitie saini kwamba nimepokea laki tano na sidai kitu. Sijatia. Je natakiwa kutoka kweli? Na akiiuza mie niko Pemba itakuwaje?

mzee_chukwani
Waaleikum salaam mwanangu. Usitoke. Talaka moja ni rejea, yaani mume anaweza kukurejea kabla eda kwisha, na wewe uko ndani ya eda, twahara tatu (vipindi vya kutakata hedhi), na Suratu Talaq aya ya kwanza kabisa inakataza mke kutolewa nyumbani na inamkataza na yeye mwenyewe kutoka. Kula yako na malazi yako muda huu viko juu ya mume. Hao mashemeji hawana kauli hapo, wao si waliooa wala si walioacha. Waambie kwa adabu, wazee wenu wakae na wazee wao, na mume mwenyewe awepo.

kijana_wa_mjini
Mie nasema tofauti kidogo samahanini. Kwetu sisi nyumba anajenga mwanamme, mke anasaidia tu na kusaidia ni sadaka, sasa kila aliyepika chai ya mafundi akidai chumba tutafika wapi? Apewe kitoka nyumba chake, ile zawadi ya kuachwa, aende kwao kwa heri.

mzee_chukwani
Mwanangu hayo ni mazoea, usiyaite dini. Katika madhehebu yetu ya Shafii hata huko kupika si wajibu uliomfunga mke, akipika ni ihsani yake. Na mali aliyoichuma mwanamke ni yake, soma Nisaa aya ya 32. Huyu hajasema kapika chai, kasema katoa pesa ya matofali na jina lake limo kwenye waraka. Kitoka nyumba kinalipwa vile vile lkn hakiwi bei ya kununulia fungu lake la nyumba.

msaidizi_sheria_chake
Dada mie ni msaidizi wa sheria huku Pemba, kesi kama yako nimeziona nyingi na mara nyingi mwanamke anapoteza kwa sababu kachanganya mambo mawili. Kuna haki ya kukaa hapo ndani ya eda, hiyo ni ya muda, eda ikisha na yenyewe imekwisha. Halafu kuna fungu lako la nyumba, hilo halina eda, ukae Fuoni ukae Wete ni lako. Watu wanasubiri eda iishe wanakwambia haki yako imekwisha, sivyo!

Sheria ya Mahkama ya Kadhi Namba 9 ya 2017 inampa kadhi uwezo wa kugawa mali ya wanandoa pale penye mchango halisi, kwa hiyo kadhi atakuuliza umechangia nini na unathibitisha vipi. Usije ukategemea ile kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983 ambayo watu huitaja sana, kwamba kazi za nyumbani ni mchango, ile imesimama juu ya Sheria ya Ndoa ya 1971 na sheria hiyo ni ya Bara, huku kwetu haitumiki. Ndo maana matofali yako yana nguvu kuliko miaka 13 ya kulea, na mie hilo linaniuma lkn lazima nikwambie. Tafuta risiti za saruji, kijumbe yaani mama mshika daftari la upatu, fundi aliyejenga, wote hao ni mashahidi. Waraka utoe kopi tatu na moja iwe kwa mtu unayemuamini nje ya nyumba hiyo.

Kuhusu kuuza, jina lako limo kwa hiyo hawezi kuuza fungu lako bila ridhaa yako. Mpelekee sheha taarifa kwa maandishi mapema kwamba kuna mgogoro, maana mauziano mengi yanapita kwake, na ukifungua kesi omba zuio. Ile karatasi ya laki tano usiiguse hata kwa kalamu ya risasi. Huna pesa ya wakili nenda ZAFELA, jumuiya ya wanasheria wanawake, au Kituo cha Huduma za Sheria, wapo hapo hapo Unguja.

baba_mwera
Mie ni mwanamme na yamenikuta. Tulileta mthamini akapima nyumba, tukabishana sana juu ya kisima maana alichimbisha mke wangu, mwisho nikakubali. Watoto walibaki na mama yao ndani, mie ndo nikatoka nikapanga chumba, fungu langu akanilipa kidogo kidogo miaka miwili, kila malipo tunaandika wote tunatia saini. Mwambie mumeo kugawana si lazima kuuza. Nyumba ikiuzwa haraka haraka mnunuzi anajua mna shida, mnapata hasara wote na watoto ndo wanaohama skuli.

bint_wete
Allah awalipe nyote, nimelia nikisoma. Kopi nimetoa leo, moja kaichukua mama kijumbe na kasema daftari la 2015 analo na jina langu limo. Kesho asubuhi naenda kwa sheha na ami yangu anavuka na boti ya Jumamosi. Karatasi yao nimewarudishia haina saini.